Asiyekuwepo na Lake Lipo

Hotuba hii niliitoa mbele ya wasanifu majengo, wahandisi, mafundi na wanafunzi wa usanifu. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wale waliokosa kufika. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Ndugu zangu, wasanifu wenzangu, wahandisi, mafundi mnaoshika mwiko na pima maji, na ninyi wanafunzi mliojazana kule nyuma ya nguzo hadi wengine mmesimama mlangoni: nawashukuru kwa kuja.

Nianze na swali. Mchoro unapotandazwa mezani kwa mara ya kwanza, nani wanakuwepo kwenye kikao kile? Tuwahesabu. Yupo mwenye fedha. Yupo msanifu. Yupo mhandisi, yupo mkadiriaji majenzi, pengine yupo na mkandarasi. Haya, niambieni: yupo atakayelifagia jengo lile kila alfajiri? Yupo mtoto atakayesoma humo? Yupo mzee atakayepanda ngazi zile na magoti yake yanayouma? Yupo jirani atakayezibiwa upepo na mwanga? Hayupo. Hayupo hata mmoja.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Methali hii ni ya kweli, na ukweli wake ndio unaonitisha. Kwenye kikao cha mirathi, asiyekuwepo hupoteza shamba. Kwenye kikao cha jengo, asiyekuwepo hupoteza pumzi, usingizi, njia ya kutokea wakati wa moto, na hupoteza kwa miaka 50, maana ukuta ukishasimama hausikii rufaa. Mimi nimekuja kuwaambia kwamba jamii ilitupa kazi hii ili methali ile isitimie. Asiyekuwepo, lake liwepo. Ni sisi wa kulisemea.

Miaka mingi iliyopita nilichora zahanati. Nilikuwa kijana mwenye ari, na niliipenda kazi ile kuliko zote nilizokuwa nimezifanya. Nilipima hatua za daktari kutoka chumba cha kupimia hadi stoo ya dawa. Nilihesabu viti vya kusubiria: 24. Nilipanga madirisha yatazamane ili upepo upite. Siku ya kukabidhi jengo watu walipiga makofi, nami nikaamini nimemaliza.

Baada ya miezi sita nikapita kulitazama. Viti vilikuwa vimejaa, lakini nje walikuwepo watu mara mbili ya waliokuwa ndani. Walikuwa wamebanana juu ya zege la jenereta, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na kivuli pekee. Mama mmoja aliniona nimeshika karatasi, natazama paa, akaniuliza: "Mwanangu, wewe ndiye uliyechora ramani hii?" Nikamwambia ndiye. Akasema: "Sasa mtu akimleta mgonjwa hapa, yeye mwenyewe akae wapi?"

Sikuwa na jibu. Hakuna mgonjwa mahututi anayekuja peke yake. Kila mtu katika ukumbi huu anajua hivyo, na mimi nilijua pia. Lakini kwenye karatasi nilimchora mgonjwa, nikamchora daktari, sikumchora aliyemleta. Na kwa kuwa sikumchora, mwashi hakumjengea. Jengo halina huruma ya nyongeza, ndugu zangu. Halimpi mtu hata hatua moja ya kivuli ambayo mchoro haukumpa.

Kibaraza kirefu kilijengwa baadaye. Kiligharimu pungufu ya lile lango la chuma nililokuwa nimelipigania kikaoni hadi likapita.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwatafuta wasanifu waliomwona mtu ambaye mimi sikumwona. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yupo msanifu aliyekilalia. Alvar Aalto wa Finland alishinda mwaka 1929 shindano la kusanifu hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu huko Paimio. Hospitali ilikamilika mwaka 1933. Wakati ule dawa ya kuua vijidudu vya kifua kikuu haikuwepo. Mgonjwa alilazwa kwa miezi, wengine kwa miaka, tiba yake ikiwa hewa safi, jua na kupumzika. Aalto alikuja kusimulia kwamba alipoanza kazi ile yeye mwenyewe alikuwa anaumwa, na akiwa kitandani akatambua kuwa chumba cha kawaida kimetengenezwa kwa ajili ya mtu aliyesimama. Taa iko katikati ya dari, inamchoma macho aliyelala chali. Dari ni nyeupe ya kumeremeta, na aliyelala hana kingine cha kutazama kutwa nzima.

Akafanya nini? Dari akaipaka kijani kilichotulia. Taa akaihamisha isimpige mgonjwa machoni. Joto la chumba akalielekeza miguuni badala ya kichwani. Hata beseni la kunawia akalichora upya, akalipa mlalo ambao maji yakiuangukia hayapigi kelele, kwa sababu kila chumba kilikuwa na wagonjwa wawili, na mmoja akinawa usiku mwenzake asishtuke.

Usingizi wa mtu mmoja! Beseni zima likachorwa upya kwa ajili ya usingizi wa mtu mmoja. Nikisikia watu wakisema wajibu wa msanifu kwa jamii ni mambo makubwa ya wanasiasa na wapangaji wa miji, nalikumbuka beseni lile.

Na fikra hiyo bado inaishi. Hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, ilifunguliwa mwaka 2011. Waliochora walijua kwamba korido iliyofungwa, yenye watu wanaokohoa, ni mahali pa kuambukizana. Basi njia za kupita na mahali pa kusubiri vikatolewa nje kwenye upepo. Wodini vitanda vikageuzwa: kichwa cha mgonjwa kinaegemea ukuta mfupi wa katikati, na macho yake yanaelekea dirishani, nje, badala ya kumtazama mgonjwa mwenzake anavyoteseka. Kuta zikajengwa kwa mawe ya volkano, ambayo wakulima wa pale walikuwa wakiyaona ni kero mashambani mwao.

Sasa niwapeleke St. Louis, Marekani. Huko katikati ya miaka ya 1950 yalikamilika majengo 33, kila moja likiwa na ghorofa 11, jumla ya nyumba 2,870 za watu wa kipato cha chini. Mradi uliitwa Pruitt-Igoe. Msanifu wake, Minoru Yamasaki, alikuwa na kipaji ambacho hakuna wa kukibishia. Machi 1972 wakaanza kuyaangusha kwa baruti. Kufikia mwaka 1976 hapakuwa na hata moja lililosimama. Zege ambalo lingeweza kukaa miaka 100 halikumaliza 25.

Wengi wetu tulifundishwa darasani kwamba kosa lilikuwa la maghorofa marefu. Mimi nasema hilo ni kosa dogo lililofunika makubwa. Mchoro wa mwanzo wa Yamasaki ulichanganya majengo marefu na nyumba fupi. Waliokuwa wanashika fedha wakaukataa kwa sababu ya gharama. Ili kuokoa fedha zaidi, lifti zikafanywa zisimame ghorofa ya 1, ya 4, ya 7 na ya 10 tu. Mwenye nyumba ghorofa ya 6 anashuka ya 7, kisha anateremka ngazi zenye giza na mtoto mgongoni na mzigo mkononi. Ngazi zile zikawa za wahuni. Nani alimwuliza mama yule kama lifti isimame mlangoni kwake au isisimame? Hakuwepo kikaoni.

Lakini lipo lililo zito kuliko lifti. Nani alitakiwa kulipia matengenezo? Wapangaji wenyewe, kupitia kodi zao. Kujenga kulifanywa kwa fedha za umma. Kutunza kukaachiwa mifuko ya watu maskini kuliko wote mjini. Na miaka hiyohiyo watu wa St. Louis walikuwa wanahamia vitongojini, viwanda navyo vinaondoka. Nyumba zikabaki tupu. Kodi ikapungua, matengenezo yakapungua, watu wakazidi kuhama, kodi ikapungua tena. Juu ya hayo, kanuni za msaada wa serikali zilimzuia baba mwenye nguvu zake kuishi na familia iliyopokea msaada huo. Nawauliza wanafunzi: ni dirisha gani lingetibu jambo hilo? Ni rangi gani ya ukuta? Mwaka 1969 wapangaji waligoma kulipa kodi. Hawakugoma kwa sababu ya urefu wa jengo. Waligoma kwa sababu walikuwa wanatozwa zaidi ya uwezo wao, kwa nyumba ambazo hazitengenezwi.

Nisieleweke vibaya. Simfuti Yamasaki lawama. Ninachokataa ni ule uvivu wa kusema jengo lilishindwa, tukaishia hapo, huku waliokata fedha na waliotunga kanuni wakienda zao nyumbani salama. Na kwa upande wa pili nakataa majivuno yetu sisi wasanifu, ya kudhani kwamba umbo zuri litamnyanyua mtu hata pale ambapo kila kitu kingine kinamkandamiza.

Kwa hiyo siku hizi mteja akija, swali langu la kwanza si ghorofa ngapi. Namwuliza: balbu ya kwenye ngazi ikiungua mwaka wa 7, nani ataibadilisha, na kwa fedha za nani? Kama jibu halipo, sishiki kalamu mpaka lipatikane. Wengine hukasirika. Mmoja aliondoka asirudi. Lakini wengi hunyamaza, wakafikiri, wakarudi na bajeti ya matunzo ambayo hawakuwa nayo. Nami kwa upande wangu naichora balbu ile mahali ambapo mtu anaifikia kwa ngazi ya kawaida. Mnacheka? Nimeona kumbi nzuri zinazokaa gizani mwaka mzima kwa sababu taa iko mita tisa juu, na winchi ya kuifikia haikununuliwa kamwe.

Nifike sasa mahali panaponiuma zaidi, kwa kuwa panamhusu kila mwenye nia njema humu ndani. Nia njema inatosha?

Mwaka 1945 Idara ya Mambo ya Kale ya Misri ilimpa msanifu Hassan Fathy kazi ya kujenga kijiji kipya ng'ambo ya magharibi ya Mto Nile, mkabala na mji wa Luxor. Watu wa Gourna, maelfu kadhaa, walikuwa wakiishi juu ya makaburi ya kale, na serikali ilitaka wahame. Fathy hakuwa mtu wa kudharau wakulima. Aliweka kando zege na chuma, vitu ambavyo maskini asingevimudu, akachukua tofali za udongo. Akawaita waashi wa Kinubi kutoka Aswan, waliokuwa bado wanajua kujenga kuba na matao ya udongo bila mbao za kuyashikilia. Akajenga msikiti, soko, nyumba zenye nyua za ndani. Ni kazi nzuri kiasi kwamba mpaka leo tunaifundisha.

Na watu wakakataa kuhamia.

Kwa nini? Kwa sababu riziki yao ilikuwa kulekule makaburini, kwenye watalii na vitu vya kale. Kufikia mwaka 1948 kazi ilikuwa imesimama, sehemu kubwa ya kijiji haijajengwa. Fathy alijitahidi kuzijua familia zile na namna zinavyoishi. Lakini swali la kuhama au kutohama lilikuwa limeshajibiwa na wengine kabla yeye hajaitwa. Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Unaweza kumwuliza mtu rangi ya mlango wake, upana wa chumba chake, hata jiko likae upande gani, na bado ukawa hujamwuliza kitu. Siku hizi tuna vikao vingi vya kushirikisha wananchi. Tunabandika michoro ukutani, tunagawa karatasi za maoni. Nawasihi mjiulize kila mara: lile swali kubwa, bado liko wazi? Au tumewaita watu waje kuchagua rangi ya mlango?

Nimemsoma Fathy tangu nikiwa mwanafunzi na namheshimu hadi leo. Ndiyo maana inauma.

Linganisheni na Gando, kijiji cha Burkina Faso. Diébédo Francis Kéré alizaliwa huko mwaka 1965. Kijiji hakikuwa na shule, akapelekwa mbali na wazazi akiwa mdogo ili asome, kwenye darasa lililojaa watoto na lenye joto kama tanuri. Akapata nafasi ya kwenda Ujerumani kujifunza useremala, akaendelea hadi kusomea usanifu Berlin. Akiwa bado mwanafunzi akaanza kuchangisha fedha ili ajenge shule kwao.

Aliporudi na mchoro wa shule ya udongo, watu wake hawakufurahi hata kidogo. Nani asiyejua kwamba udongo ukinyeshewa unaisha? Walitarajia kijana aliyetoka Ulaya awaletee majengo kama ya Ulaya. Hapa ndipo Kéré ananifundisha. Hakuwaambia nyamazeni, msomi ni mimi. Shaka yao aliipa uzito wa maoni ya kitaalamu. Alitengeneza sampuli, wakazigusa, wakazijaribu wenyewe, wakabishana naye mpaka wakaridhika.

Kisha wakajenga. Watoto waliokota mawe ya msingi. Kina mama walileta maji. Udongo ulichanganywa na saruji kidogo ukashindiliwa kuwa tofali. Bati liliinuliwa juu kabisa, likaachana na dari, likatokeza nje kuzilinda kuta na mvua ileile waliyokuwa wanaiogopa. Dari nayo ni ya tofali zilizoachiwa nafasi: hewa ya moto inapanda, inatokea kwenye nafasi zile, na upepo unaopita kati ya dari na bati unaichukua. Darasa linapoa bila feni na bila umeme. Na zile kenchi zinazobeba bati? Mafundi, hii ni yenu. Zimetengenezwa kwa nondo za kawaida, kwa sababu nondo inakatika kwa msumeno wa mkono na inaungwa kwa mashine ndogo ya kuchomelea. Aliuliza kwanza ni zana gani zitapatikana, ndipo akachora.

Shule ilikamilika mwaka 2001. Mwaka 2004 ikapewa Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu duniani. Nafurahia tuzo hizo kwa niaba yake. Ila kinachonigusa zaidi ni kwamba watu wa Gando waliojifunza kufyatua tofali zile na kuchomelea kenchi zile walibaki na ufundi mikononi mwao, na ufundi ni kitu ambacho mtu anaweza kuondoka nacho akatafutie kazi kwingine. Kila mstari tunaochora unaamua pia fedha ziende kwa nani. Chora ukuta wa kioo kilichosafirishwa kwa meli, fedha zimekwenda kwa mwenye kiwanda cha mbali. Chora ukuta wa mawe, fedha zimekwenda kwa mwashi. Sisemi kioo ni dhambi. Nasema tujue tunamlipa nani, na tuweze kulieleza mbele za watu.

Wako waliokwenda kwa njia nyingine. Iquique, mji wa pwani kaskazini mwa Chile, familia karibu 100 zilikuwa zimeishi miaka 30 bila hati kwenye kiwanja cha nusu hekta, katikati ya mji. Ruzuku ilikuwa dola 7,500 kwa familia, na humo zitoke ardhi, miundombinu na nyumba yenyewe. Kwa fedha hizo, desturi ya miradi ya namna hiyo ni kuwapeleka watu pembezoni ambako ardhi ni rahisi, mbali na kazi na shule. Msanifu Alejandro Aravena na wenzake wakafanya hesabu tofauti: badala ya kujenga nyumba nzima iliyo ndogo, wajenge nusu ya nyumba iliyo nzuri. Wakajenga ile nusu ambayo familia ingepata tabu kuijenga yenyewe, yaani msingi, kuta zinazobeba, ngazi, jiko, bafu. Ubavuni wakaacha nafasi tupu ya kuongezea. Mwaka 2004 familia zikahamia, na muda si mrefu nafasi zile zikajaa vyumba, kila mmoja kwa mtindo wake na rangi yake.

Wapo wanaoupinga mradi ule, na hoja yao nzito. Wanasema maskini amepewa nusu, kisha akaambiwa amalizie pale serikali ilipochoka. Nakubali: nusu nyumba ikigeuzwa kisingizio cha kupunguza ruzuku, hiyo ni dhuluma. Lakini nautetea kwa jambo moja. Watu wale hawakuhamishwa. Walibaki palepale, karibu na kazi zao, shule za watoto wao na majirani zao wa miaka 30. Pale mtu anapoishi ni sehemu ya nyumba yake, na kwa maskini pengine ndiyo sehemu yenye thamani kuliko kuta.

Naomba utulivu sasa, kwa kuwa nataka kusema jambo zito.

Usiku wa tarehe 14 Juni 2017, jijini London, moto ulianza kwenye jiko la nyumba moja, ghorofa ya 4 ya jengo la Grenfell Tower. Jengo lilikuwa na ghorofa 24. Moto wa jiko moja hutakiwa kufia ndani ya nyumba ileile. Huu ulitoka dirishani, ukashika ngozi ya nje ya jengo, ukapanda hadi juu kabisa kwa muda usiofika nusu saa. Watu 72 walikufa.

Ngozi ile ilikuwa mpya. Ukarabati ulikamilika mwaka 2016, na jengo lilikuwa limevikwa paneli nyembamba za aluminiamu zenye plastiki katikati, plastiki inayowaka. Na hapa sitasema wakazi hawakuwepo. Walikuwepo! Walilalamika, waliandika. Novemba 2016, miezi saba kabla, kikundi cha wakazi kiliandika hadharani kwamba ni janga kubwa tu ndilo litakalofichua uzembe wa wasimamizi wa jengo lao. Walilitabiri janga lenyewe. Ripoti ya mwisho ya uchunguzi wa umma ilipotoka Septemba 2024, iliwalaumu wengi: serikali, watengenezaji wa vifaa, wasimamizi, wakandarasi. Na ilimlaumu msanifu wa ukarabati.

Msanifu. Mwenzetu. Aliyekaa kwenye madarasa kama haya na kujifunza kuchora mistari kama hii tunayoichora. Vijana wangu, mnapoandika jina la kifaa kwenye mchoro, mjue kinawaka au hakiwaki. Msitosheke na karatasi ya muuzaji. Ulizeni jaribio lilifanywa wapi, kwa kipande gani, kilichofungwa vipi. Na mkazi akisema anaogopa, mwandikeni kwenye kumbukumbu za kikao kama mnavyomwandika mhandisi. Tunapozungumzia usanifu na jamii tunapenda kutaja bustani, vibaraza na viwanja vya watoto. Na mimi navipenda. Lakini deni la kwanza ambalo jamii inatudai ni mtu alale na aamke.

Nawapeni na habari moja ya kutuliza moyo, nayo ni fupi. Mwaka 1996 jiji la Bordeaux, Ufaransa, liliwataka wasanifu Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal wapendezeshe uwanja mdogo uitwao Place Léon Aucoc. Walikwenda, wakakaa pale, wakazungumza na wakazi. Kisha wakatoa pendekezo lao: uwanja huu tayari ni mzuri, usijengwe kitu. Ufagiwe, changarawe ibadilishwe, miti itunzwe. Basi. Na ndivyo ilivyofanywa. Ni wangapi kati yetu wangekuwa na ujasiri huo, huku ada yetu ikihesabiwa kwa ukubwa wa kazi?

Miaka mingi baadaye, mjini humohumo, wao pamoja na wasanifu wenzao walikabidhiwa majengo ya miaka ya 1960 yenye nyumba 530, katika mtaa wa Grand Parc. Kwingineko majengo ya aina hiyo huvunjwa na watu kutawanywa. Wao waliongeza mbele ya nyumba baraza la kioo lenye kina cha mita 3.8, na wapangaji waliendelea kuishi humohumo kazi ikifanyika. Ilikamilika mwaka 2017. Mtu alilala na dirisha dogo, baadaye akawa na chumba cha jua chenye nafasi ya meza na maua, na majirani zake walewale.

Wanafunzi huniuliza waanzie wapi. Mimi nina kazi ndogo ninayoifanya kabla ya kupeleka mchoro wowote kwa mteja. Pembeni mwa karatasi naandika watu ambao hawakuitwa: mfagiaji, mlinzi wa usiku, mtoto wa kimo cha mita moja, mtu wa kiti cha magurudumu, mgeni asiyejua kusoma, aliyemleta mgonjwa. Kisha nawatembeza mmoja mmoja kwa kidole juu ya mchoro. Anaingilia wapi? Anasubiri wapi? Akichoka anakaa wapi? Jua la alasiri linampata? Na mlinzi, saa nane za usiku milango yote ikiwa imefungwa, choo chake kiko wapi? Nimepitia michoro mingi ya majengo makubwa ya thamani kubwa, ya wasanifu hodari, ambamo mlinzi hana choo. Alipewa kibanda cha kusimama tu, kana kwamba hali wala hanywi. Kidole changu kikifika hapo kikakosa pa kwenda, mchoro haujaisha, naurudisha mezani, hata kama ni usiku wa kuamkia siku ya kuukabidhi.

Nimeongea vya kutosha, na mwenyekiti ananionyesha saa. Tuna muda wa maswali. Nilipoingia humu niliona viti vimeishia kwenye ile nguzo kubwa, na nyuma yake mpo ninyi mliosimama, ambao muda wote huu mmekuwa mkinichungulia upande huu na upande ule. Kipaza sauti kipelekwe huko nyuma kwanza, tafadhali. Dada uliye karibu na mlango, mwenye daftari: ndiyo, wewe. Sema, tunakusikia.